Golikipa wangu alipigwa na mpira jichoni: nitajuaje kama ameumia ndani?

Mwalimu wa michezo wa sekondari moja mjini Arua ameniandikia hivi:

"Daktari, habari za kazi. Jumamosi jioni golikipa wangu, kijana wa miaka 15, alipigwa na mkwaju wa karibu na mpira ukampata moja kwa moja kwenye jicho la kulia. Alikaa chini kama dakika kumi, akanawa uso, akataka kurudi golini, nikamkatalia. Kliniki ya mtaani walimlaza kitandani, wakammulika kwa tochi, wakasema ni damu ya juu tu. Wakamchoma diklofenaki na kumpa chupa ya dawa ya matone. Leo Jumatatu wekundu umepungua, lakini anasema akiamka asubuhi anaona kama kuna moshi, mchana inakuwa afadhali. Mama yake anasema tungoje, jicho linapona. Jumamosi tuna mechi. Nitajuaje kama jicho limeumia ndani?"

Mwalimu, la haraka kwanza. Mpeleke kijana huyo leo hii kwenye idara ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Arua. Mkiwa kwenye foleni akae wima, na usiku alale kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili au mitatu. Asikimbie, asiiname kufua, asifikiche jicho. Diklofenaki ikome leo, na asipewe aspirini wala ibuprofeni; akisikia maumivu, parasetamoli inatosha. Ile chupa ya matone msiendelee kuitumia, lakini mwende nayo, anayempima aisome. Na kama kuna namna nyingine ya kufika, msimpandishe bodaboda kwenye barabara ya mashimo.

Ulipomkatalia kurudi golini ulifanya jambo kubwa kuliko unavyodhani. Na ulipoandika kuhusu moshi wa asubuhi ulinipa dalili ambayo wengi hawaitaji. Karibu kila anayeniuliza juu ya jicho lililogongwa ananieleza jinsi lilivyo jekundu. Wewe umenieleza mtoto anachokiona.

Kati ya kioo cha mbele cha jicho na ile sehemu yenye rangi, ambayo sisi huiita irisi, kuna chumba kidogo chenye maji safi, kiasi cha robo ya mililita. Mpira unapolipiga jicho kutoka mbele, jicho linabanwa na kuwa bapa kwa muda mfupi mno, kisha linatanuka kwa pembeni, kama puto ukilibana katikati ya viganja viwili. Ngozi ya nje ya jicho ni ngumu na huvumilia. Vilivyo ndani havivumilii hivyo. Shina la irisi, pale ilipojishikiza ukutani, huchanika kidogo, mishipa midogo hupasuka, na damu huingia kwenye yale maji safi. Mtoto akilala, damu hiyo husambaa chumba kizima na kufunika mboni. Akiamka na kukaa wima saa kadhaa, huzama chini kama mashapo ya kahawa, na mboni hubaki wazi. Asubuhi moshi, mchana afadhali. Hali hiyo tunaiita hifema.

Siwezi kukuambia kwa barua kwamba ndiyo hiyo kwa hakika. Damu iliyovuja nyuma zaidi, kwenye ule ute unaojaza jicho, nayo huweza kutia ukungu wa asubuhi. Yote mawili yanataka kuonwa leo.

Ukitaka kuangalia mwenyewe kabla hamjaondoka, mkalishe wima kama nusu saa. Washa tochi ya simu, usiimulike usoni; ishike pembeni, karibu na sikio lake, ili mwanga upite kwa upande mbele ya irisi. Tazama ukingo wa chini kabisa wa ile sehemu yenye rangi. Damu ikiwepo utaona mstari mwekundu uliolala sawasawa, kama chai ya rangi iliyobaki chini ya glasi. Inamishe glasi hiyo akilini: kijana akiinamisha kichwa begani, na mstari unahama. Lakini kwa macho yetu ya rangi ya kahawia iliyoiva, mstari mwembamba hujificha kwenye irisi. Ukiuona, umeuona. Usipouona, safari ya hospitali iko palepale.

Ndiyo maana pia siwashangai wale wa kliniki. Walimlaza, damu ikatawanyika, wakammulika kutoka mbele. Wekundu wa juu ukawavuta macho. Huo wekundu wa juu, damu iliyovuja chini ya utando mwembamba wa weupe wa jicho, peke yake hauna madhara. Hutoweka baada ya wiki moja au mbili bila dawa yoyote. Ila jicho linaweza kuwa na damu ya juu na ya ndani kwa pamoja, na ya juu ikipungua familia inapumua, wakati ya ndani bado ipo.

Kwa nini nimeshikilia leo? Kati ya siku ya pili na ya tano bonge la damu lililoziba mshipa huanza kusinyaa na kuachia, na mshipa huweza kuvuja upya. Mvujo huo wa pili mara nyingi huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kijana wako aliumia Jumamosi. Ameingia kwenye siku hizo leo. Diklofenaki na ndugu zake huzuia damu kuganda vizuri, ndiyo sababu nimeikataza. Na chembe za damu zikijaa huziba vichujio ambavyo maji ya jicho hutokea, presha ya jicho inapanda, neva ya macho inaumia. Neva hiyo ikifa hairudi.

Hapa Uganda lazima tuulize swali jingine kila damu inapoonekana ndani ya jicho: huyu mtoto ni AA, yaani hana kijeni cha selimundu, au AS, yaani amebeba kimoja? Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa kwenye damu ya watoto wachanga na kuchapishwa 2016 ulikuta kiasi cha 13 katika kila 100 wamebeba kijeni kimoja cha selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Mwenye AS kwa kawaida haumwi. Anadaka penalti, anamaliza dakika tisini, na huenda yeye na mama yake hawajui kabisa. Lakini ndani ya kile chumba cha maji hewa ya oksijeni ni kidogo, na chembe zake nyekundu zilizomwagika humo hujikunja kama mundu na kuwa ngumu. Hazipiti kwenye vichujio. Damu kidogo tu, ambayo kwa mwenzake ingepita bila tabu, kwake hupandisha presha, na neva yake huumia kwa presha ambayo mwenzake angeivumilia.

Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Kwa asiye na sikoseli, daktari huweza kuendelea na dawa kwa siku kadhaa hata presha ikiwa 35 kabla ya kufikiria upasuaji wa kuosha damu. Kwa mwenye AS, presha ya 24 iliyodumu saa 24 inatosha kuanza mazungumzo hayo. Hata dawa hubadilika: vidonge vya asetazolamaidi, ambavyo ndivyo vya kwanza kukumbukwa presha ya jicho ikipanda, huongeza ule mkunjo wa chembe, kwa hiyo kwa mtoto mwenye AS tunaviepuka. Mwulize mama kama kijana amewahi kupimwa sikoseli, au kama katika ukoo kuna aliye nayo. Kama hajui, ombeni kipimo leo. Ni damu kidogo tu. Msisubiri daktari alikumbuke swali hilo mwenyewe, foleni zetu unazijua.

Umeuliza utajuaje. Kwa siku nyingine, maana mwalimu wa michezo huona macho mengi yakigongwa, nitakueleza jinsi ninavyofanya mimi, na mengi ya haya hayahitaji chombo.

Naanza na kuona, kila jicho peke yake. Hili lifanywe palepale uwanjani, kabla kope hazijavimba na kufunga, kwa sababu baada ya saa moja huenda usiweze tena kulifungua bila kulibonyeza. Mwambie afunike jicho moja lote kwa kiganja. Akitumia vidole atachungulia katikati, na tena atalikandamiza. Msimamishe mchezaji mwenye jezi kwenye mstari wa kumi na nane, umwulize namba gani. Kisha jicho la pili, mchezaji mwingine, asije akakariri. Akishindwa, sogea na kumhesabisha vidole vyako. Akishindwa hivyo, punga mkono. Mwisho mulika taa, umwulize kama anaiona. Andika ulichopata na saa. Siku hiyo ingekuwa hivi: "Saa kumi na dakika ishirini, kushoto amesoma 7 kutoka kumi na nane, kulia amehesabu vidole kwa hatua mbili." Karatasi hiyo ina thamani kwangu kuliko picha kumi za jicho jekundu zilizotumwa kwenye simu. Kuona kulikopungua baada ya kugongwa ni jeraha la ndani mpaka pale aliye na vyombo athibitishe vingine.

Kisha mboni, ile nukta nyeusi. Iwe duara, na zilingane. Mboni iliyopanuka na kukataa kusinyaa kwenye mwanga mara nyingi ni msuli wake uliochanika kwa kishindo. Lakini kama mchezaji huyo pia amechanganyikiwa, ana usingizi, au aligongwa kichwa, achana na jicho, huyo ni wa chumba cha dharura sasa hivi. Kuna kipimo kizuri cha tochi ambacho walimu wanaweza kujifunza: mulika jicho lisiloumia sekunde mbili, hamishia tochi upesi kwenye lililoumia, rudisha. Ikiwa kila tochi inapofika kwenye lililoumia mboni zinapanuka badala ya kusinyaa, ujumbe wa mwanga haufiki kwenye ubongo vizuri. Hapo tunaihofia neva ya macho au retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Mboni iliyovutika upande mmoja, yenye ncha kama tone la maji, ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni irisi inayokimbilia kwenye tundu; jicho limepasuka. Ukuta wa jicho ni mwembamba zaidi, kama milimita 0.3, pale misuli inapojishikiza, na kishindo huweza kuupasua hapo, chini ya utando, usione kidonda chochote. Utaona damu iliyozunguka weupe wote na kuvimba kama lengelenge, na mtoto haoni karibu chochote. Jicho hilo usiliguse. Usilioshe, usitie dawa, usifunge kwa pamba na bandeji, maana kila mgandamizo unasukuma vya ndani kutoka nje. Kata kikombe cha karatasi au cha plastiki laini, chukua kitako chake, kiegemeze kwenye mifupa ya paji na shavu bila kugusa jicho, ukibandike kwa plasta. Asile wala asinywe, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji. Na aondoke.

Kuna jeraha moja linaloniumiza moyo kila nikilikumbuka, kwa sababu jicho lenyewe huonekana zima. Nililetewa mvulana wa miaka kama 12 aliyepigwa kiwiko wakirukia mpira wa kona. Jicho jeupe kabisa, uvimbe haba. Usiku huo alianza kutapika, akawa hataki kuinuka kitandani. Alikopelekwa wakasema malaria, akatibiwa siku nne. Aliponifikia nilimwambia afuate kidole changu juu bila kuinua kichwa. Jicho moja lilipanda. La pili lilibaki pale pale likitazama mbele, na uso wake ukakunjamana kwa maumivu, jasho likamtoka, mapigo ya moyo yakapungua chini ya kidole changu kilichokuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Sakafu ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba kama ganda la yai. Kwa mtoto mfupa huo bado unanepa. Hufunguka kama mlango, msuli unaingia, mlango unajifunga. Msuli uliobanwa ndio uliokuwa ukimtapisha. Huyo anatakiwa kufanyiwa upasuaji ndani ya siku moja au mbili. Siku ya nne tuliufungua, lakini msuli ulikuwa umeshaanza kufa, na mpaka leo akitazama juu anaona vitu viwili viwili, hivyo hutembea ameinua kidevu.

Kwa hiyo baada ya mboni, mwambie mtoto afuate kidole: juu, chini, kulia, kushoto. Mwulize kama anaona kidole kimoja au viwili. Kisha mguse kwa pamba chini ya macho yote mawili, kwenye shavu na mdomo wa juu. Ganzi upande mmoja ina maana neva inayopita kwenye sakafu ya tundu imeguswa, na mfupa huenda umevunjika. Huyo asipenge kamasi, maana hewa ya puani itapita kwenye ufa na kope zitavimba ghafla. Na jicho likianza kusukumwa nje, kope zikakaza kama ngoma huku kuona kunapotea, damu inajikusanya nyuma yake. Hapo mnahesabu dakika, si siku.

Mkwaruzo wa kioo cha mbele nitaupita haraka: unauma sana, machozi yanatiririka, mwanga hauvumiliki, lakini kwa kawaida hupona kwa siku chache ukitibiwa. Cha kukumbuka ni kwamba maumivu makali hayaonyeshi ukubwa wa jeraha. Retina ikichanika haiumi hata kidogo.

Leo hospitalini mtamkuta afisa tabibu wa macho au daktari bingwa. Hakikisheni haya yamefanyika kabla hamjaondoka. Kuona kumeandikwa kwa tarakimu, kila jicho, kwenye ubao wa herufi wa mita 6. Kijana ameweka kidevu kwenye ile darubini ya meza, ambako hata mstari wa damu ambao tochi haikuuona utaonekana. Presha ya macho yote mawili imepimwa, isipokuwa kama wana shaka jicho limepasuka. Retina imetazamwa, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa; na kama damu inazuia, wapige picha ya mawimbi ya sauti. Hifema ikithibitishwa, presha itapimwa tena kila siku kwa siku za mwanzo. Najua nauli inauma. Kama nyumbani ni mbali, waulizeni kama anaweza kulazwa.

Mwambie mama, kwa heshima zangu zote, kwamba ana haki: macho mengi yaliyogongwa hupona yenyewe. Shida ni kwamba kutoka nje jicho litakalopona na lile litakalopofuka hufanana siku ya pili. Na maziwa ya mama, majani yaliyopondwa, au maji ya sukari visitiwe kabisa. Nimetibu vidonda vya kioo cha mbele vilivyotokana na vitu hivyo kwenye macho ambayo kishindo hakikuyadhuru.

Mechi ya Jumamosi haimo, wala ile inayofuata. Kwa hifema nasema angalau wiki mbili bila mazoezi, kisha daktari wa macho ndiye atakayemruhusu.

Hata akiruhusiwa, jicho hili halijamaliza kusema. Retina iliyochanika pembezoni huweza kubanduka wiki au miezi baadaye, mtoto ameshasahau ule mpira. Mfundishe dalili zake: cheche za mwanga kwenye giza, vijinukta vyeusi vingi kama inzi wanaoelea, au pazia linaloshuka upande mmoja. Akiona lolote kati ya hayo, siku hiyohiyo. Upasuaji wa retina haupatikani kila mkoa, na safari ya Kampala au Mbarara huchukua muda kupangwa, ndiyo maana kila siku ina uzito. Baada ya kama wiki nne hadi sita, arudi atazamwe pembe ya jicho kwa kioo maalumu, pale shina la irisi lilipochanika. Pembe ikikutwa imerudi nyuma kwa zaidi ya nusu ya duara, yumo kwenye hatari ya presha ya macho inayokuja kimyakimya, pengine miaka kumi baadaye, akiwa mtu mzima mwenye familia. Huyo hupimwa presha kila mwaka maisha yake yote. Hilo liandikwe kwenye kitabu chake cha hospitali, na mama akitunze.

Na kama kuona kwa jicho hilo kutabaki chini ya 6/12 hata kwa miwani, yaani kwa mita 6 asiweze kusoma kile ambacho jicho lenye afya husoma kwa mita 12, atabaki anategemea moja, na sitamruhusu golini tena bila miwani ya kinga ya polikaboneti, ile plastiki ngumu, iliyofungwa kwa mkanda. Miwani ya kawaida haimkingi. Vioo vyake huweza kupasukia jichoni.

Nenda naye mwenyewe ukiweza, au mpe mama karatasi yenye haya: siku na saa aliyogongwa, kwamba ulikuwa mkwaju wa karibu, dawa alizochomwa na jina la matone, na ule moshi wa asubuhi kwa maneno yake mwenyewe kijana. Mkirudi, niandikie mambo matatu: presha ya jicho la kulia ilikuwa ngapi, ya kushoto ngapi, na jibu la sikoseli.